Kufuta Ni Habari, na Habari Lazima Ifike

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa mwaka wa Chama chetu)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya kazi yangu ya kompyuta, lakini kwa namna ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Pili ataelewa, na mzee aliyemaliza zamani hatasinzia. Nimechagua jambo moja tu, nalo ni hili: hutokea nini faili linapofutwa mahali pamoja, wakati kompyuta nyingine bado zina nakala zake?

Huenda wengine wenu mnajiuliza, kufuta kuna ugumu gani? Mtu anabonyeza, faili linaondoka, mambo yamekwisha. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta iliyo peke yake mezani. Lakini siku hizi ni chache zinazokaa peke yake. Benki, hospitali na vyuo vikuu huweka mafaili yao katika kompyuta maalumu iitwayo seva, na kompyuta nyingine zote huyachukua kutoka hapo kwa njia ya mtandao. Mpango huu huitwa mfumo wa mafaili uliosambazwa. Mtumiaji haoni tofauti. Kwake yeye faili liko mezani pake.

Sasa, kwenda kwa seva kila mara mtu anapotaka kusoma mstari mmoja ni kazi. Njia inasongamana, na seva inaelemewa. Kwa hiyo kila kompyuta hujiwekea nakala ya kile ilichokisoma karibuni, ili ikitakiwa tena isihitaji safari. Akiba hiyo huitwa kache. Bila kache mifumo hii ingekuwa mizito mno kutumika. Lakini kache ndiyo inayoleta matatizo ninayotaka kuyaeleza.

Nitoe mfano wa hapa shuleni. Mwalimu wa zamu anabandika orodha ya usafi kwenye ubao wa matangazo. Kiranja wa kila bweni anainakili katika daftari lake, ili asirudi ubaoni kila saa. Mwalimu akiibadilisha orodha, kiranja atakayepita ataona maandishi mapya na kurekebisha daftari. Lakini mwalimu akiibandua kabisa, kiranja ataona ubao mtupu. Je, orodha imefutwa? Je, upepo umeipeperusha? Au ilikuwa haijabandikwa bado? Ubao mtupu haumwambii, na daftari lake bado linasema bweni la tatu lifagie jikoni.

Hapo ndipo kiini cha maneno yangu. Kitu kilichobadilishwa hujieleza chenyewe, maana kipo na kinaonekana. Kitu kilichofutwa hakina mdomo. Lazima mwingine aseme kwa niaba yake. Kufuta, ndugu zangu, ni habari kama habari nyingine yoyote, na habari isiyofika ni sawa na kazi isiyofanyika.

Wala jambo hili si dogo. Watu hawafuti mafaili ovyo. Mara nyingi hufuta kwa sababu faili lina kosa, au limepitwa na wakati, au lina siri ambayo haikupaswa kuwamo. Fikirini orodha ya vipimo vya dawa iliyofutwa hospitalini kwa sababu kipimo kimoja kiliandikwa mara kumi ya kile kinachotakiwa. Nakala moja ikisalia katika chumba kimoja, muuguzi wa chumba hicho ataisoma kwa imani ileile ya jana. Maana yake ni kwamba mafaili yanayofutwa ndiyo hasa ambayo nakala zake ni hatari zikibaki.

Basi mafundi wamefanya nini? Nitaeleza majibu manne. Yote ni ya kweli na yote yamewahi kutumika, na kila moja lina gharama yake.

Jibu la kwanza ni kwamba mwenye nakala aulize. Mfano wake mashuhuri ni mfumo uitwao NFS, uliotengenezwa mwaka 1984 na kampuni ya Sun Microsystems ya California, ambayo baadaye, mwaka 2010, ilinunuliwa na Oracle. Katika matoleo yake ya mwanzo seva haikuweka kumbukumbu yoyote ya nani amefungua faili gani. Ilijibu swali na kusahau muulizaji. Faida yake ni kubwa: seva ikizimika ghafla na kuwashwa tena, haina kumbukumbu ya kupoteza, na kazi inaendelea.

Lakini seva isiyojua nani ana nakala haiwezi kumwambia mtu kwamba faili limefutwa. Mzigo unamwangukia mwenye nakala. Naye hawezi kuuliza kila sekunde, maana hapo kache haitakuwa na faida tena. Kwa hiyo huuliza baada ya muda. Katika kompyuta zinazotumia Linux, kama msimamizi hakubadilisha mpango, maelezo ya faili huaminiwa kwa muda wa kati ya sekunde 3 na sekunde 60, na ya saraka, yaani ile orodha ya majina ya mafaili, kati ya sekunde 30 na 60. Mtu akifuta faili katika chumba kimoja, kompyuta ya chumba cha pili inaweza kuendelea kulitaja jina lake kwa karibu dakika nzima. Mtumiaji akijaribu kulifungua, hapo kompyuta huiuliza seva, nayo hujibu kwamba faili halipo tena.

Wazee wetu walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi naongeza kwamba anayeuliza mara moja kwa dakika atakuwa na ujinga wa dakika moja. Kwa kazi nyingi ujinga wa dakika moja si kitu. Kwa kazi nyingine ni mwingi mno. Fundi lazima ajue kazi yake ni ya aina gani.

Kabla sijaenda kwenye jibu la pili, naomba nieleze mambo mawili ambayo wanafunzi wa kompyuta husahau.

La kwanza ni la namba. Kompyuta ikishapata faili haiendelei kulitafuta kwa jina. Hupewa na seva kitu kinachoitwa kishikio, na ndani ya kishikio kuna namba ya faili katika diski. Sasa faili likifutwa, namba yake huwa wazi, na diski huweza kuipa faili jipya. Tuseme namba 412 ilikuwa ya ratiba ya magari. Ratiba ikafutwa, na namba 412 ikapewa faili la matibabu ya mgonjwa. Kompyuta yenye kishikio cha zamani inakuja na kusema, "Nipe 412." Isipozuiwa, itasoma mambo ya mgonjwa ikidhani ni ratiba ya magari. Ni kama shule impe mwanafunzi mpya namba ya usajili ya yule aliyehama, halafu barua za wazazi wa yule wa kwanza zifunguliwe na huyu wa pili.

Dawa yake ni rahisi na ni nzuri. Ndani ya kishikio huwekwa pia namba ya kizazi, ambayo hubadilika kila namba ya faili inapopewa faili jingine. Anayekuja na 412 ya kizazi cha kwanza huambiwa kwamba kishikio chake kimechakaa. Haoni kitu. Wengi hukasirika wanapoona ujumbe huo kwenye kioo. Mimi nasema tuushukuru, kwa sababu ni afadhali kunyimwa faili kuliko kupewa la mwingine.

La pili ni la msomaji aliye katikati ya kusoma. Katika kompyuta ya Unix iliyo peke yake, kufuta ni kuondoa jina tu. Kama kuna programu iliyokwisha lifungua faili, inaendelea kulisoma hadi itakapolifunga, ndipo nafasi yake katika diski huachwa. Ni utaratibu wa heshima: hakuna anayenyang'anywa kitabu mkononi. Lakini seva ya NFS ya zamani, kwa kuwa haikujua nani anasoma, haikuweza kuutunza utaratibu huo. Mafundi walitafuta ujanja. Programu ikiomba kufuta faili ambalo bado limefunguliwa katika kompyuta hiyo hiyo, kompyuta hailifuti. Hulipa jina la kificho linaloanza na nukta na herufi nfs, kisha hulifuta kweli pale msomaji wa mwisho anapolifunga. Ujanja huu una mipaka miwili. Haumlindi msomaji aliye katika kompyuta nyingine. Huyo atakatizwa katikati ya sentensi. Tena kompyuta ikizimika kabla ya kumaliza, faili la kificho hubaki katika seva kama yatima, mpaka msimamizi aje kulisafisha.

Sasa jibu la pili: mwenye mali aahidi kutoa habari. Jibu hili liliwekwa katika mfumo wa AFS, uliotengenezwa katika miaka ya 1980 na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, Marekani, kwa kushirikiana na kampuni ya IBM. Herufi ya kwanza ni ya jina Andrew, kwa heshima ya Andrew Carnegie na Andrew Mellon, ambao chuo kina majina yao. Hapo mwanzo AFS nayo iliuliza seva kila faili lilipofunguliwa, na wahandisi walipopima waliona kwamba seva inapoteza nguvu nyingi kwa kujibu swali lile lile: "Je, nakala yangu bado ni nzuri?" Mara nyingi jibu lilikuwa ndiyo.

Wakageuza mpango. Katika toleo lililofuata, seva inapotoa nakala hutoa pamoja nayo ahadi: faili hili likibadilika au likifutwa, nitakuita. Mpaka utakapoitwa, tumia nakala yako bila kuuliza. Maelezo yake kamili, pamoja na vipimo, yalichapishwa mwaka 1988, na miongoni mwa waandishi wake ni Profesa M. Satyanarayanan, ambaye jina lake mtalikuta mara nyingi mkisoma mambo haya. Kwa mpango huu habari ya kufutwa hufika upesi, na njia haisongamani.

Lakini ahadi ni deni. Seva sasa inapaswa kukumbuka kila iliyemwahidi. Na je, kama waya umekatika? Seva inaita, mwenye nakala hasikii, naye anaendelea kusoma kwa amani faili ambalo halipo. Kwa sababu hiyo kompyuta ya AFS iliyozimika na kuwaka tena hairuhusiwi kuamini kache yake mara moja. Huitilia shaka kila nakala hadi iulize upya. Ni tabia nzuri hata kwa binadamu: mtu aliyekuwa safarini asianze kusimulia habari za kijiji kabla ya kupiga hodi.

Jibu la tatu linaunganisha mawili ya kwanza. Mwaka 1989 Cary Gray na David Cheriton wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza mpango wa kupanga, kama mtu anavyopanga chumba. Seva hutoa ahadi yenye tarehe ya mwisho: nitakuita faili likiguswa, lakini ahadi hii inaisha baada ya sekunde kadhaa, na ukitaka kuendelea uje uihuishe. Uzuri wake unaonekana pale waya unapokatika. Mtu anataka kufuta faili. Seva inawaita wapangaji wote, mmoja haitiki. Seva haihitaji kukata tamaa wala kumdanganya anayefuta. Inangoja muda wa mpangaji huyo uishe. Ukiisha, mpangaji naye, hata akiwa gizani, anajua kwa saa yake mwenyewe kwamba nakala yake haina ruhusa tena. Ndipo kufuta kunakamilika.

Gharama yake ni kungoja, na pia ni kuziamini saa. Saa ya mpangaji ikichelewa kupita kiasi, ataendelea kukaa katika chumba ambacho si chake. Hata hivyo wazo hili limeenea sana. NFS yenyewe, katika toleo la 4 lililotangazwa kwanza mwaka 2000, iliacha usahaulifu wake wa zamani: seva yake hukumbuka nani amefungua nini, hutumia muda wa upangaji, na huweza kumkabidhi mtumiaji faili kwa muda, kisha ikamwita alirudishe kabla mwingine hajalifuta.

Jibu la nne ni kwa ajili ya hali ngumu zaidi, yaani pale ambapo hakuna seva moja yenye neno la mwisho. Kuna seva nyingi, kila moja ina nakala, na zinapokutana hupeana zile ambazo mwenzake hana. Hapo kufuta kwa kuondoa tu hakuwezekani kabisa. Seva ya kwanza imefuta. Ya pili ilikuwa imezimwa. Ya pili inapoamka inatazama na kusema, "Mwenzangu hana kitu hiki, ngoja nimpe." Na kilichozikwa kinafufuka.

Watafiti wa Xerox waliokutana na jambo hili katika mfumo wao wa majina na anwani ulioitwa Clearinghouse walilieleza katika andiko la mwaka 1987, lililoongozwa na Alan Demers. Walisema kitu kikifutwa kiachiwe cheti cha kifo chenye saa na tarehe. Cheti husafiri kutoka seva hadi seva kama habari nyingine yoyote, na kila kinapokutana na nakala ya zamani huifuta. Ni methali yetu hasa: mali bila daftari hupotea bila habari. Wao waliongeza kwamba hata kupotea kwa mali kunahitaji daftari lake.

Swali linalofuata ni: vyeti vikae muda gani? Vikikaa milele vitajaza diski. Vikiondolewa mapema, nakala iliyojificha itarudi. Cassandra, ambayo ni hifadhi ya data inayotumiwa na mashirika mengi siku hizi, huweka alama ya namna hiyo kwa siku 10 kama msimamizi hakubadilisha, na huiita jiwe la kaburi. Seva iliyolala zaidi ya siku hizo, kisha ikaamshwa bila kusawazishwa na wenzake, inaweza kurudisha yaliyofutwa. Nao wahandisi wa Google walipoeleza mfumo wao wa mafaili mwaka 2003, walisema faili likifutwa hupewa kwanza jina la kificho lenye tarehe, na huondolewa kweli baada ya siku 3, katika zamu za usafi za kawaida. Katika siku hizo 3 aliyefuta kwa bahati mbaya anaweza kulirudisha. Vipande vilivyosalia katika seva nyingine huondolewa polepole, kila seva inapotoa taarifa ya vipande ilivyo navyo na kuambiwa vipi havina mwenyewe tena.

Ndugu Mwenyekiti, nimetaja majibu manne, na mtaona kwamba yote yanajibu swali moja: wajibu wa kuleta habari ya kufutwa ni wa nani? Katika la kwanza ni wa mwenye nakala. Katika la pili ni wa mwenye mali. Katika la tatu ni wa wote wawili, na saa ndiyo mwamuzi. Katika la nne ni wa cheti kinachotembea chenyewe. Mfumo ambao haukulijibu swali hilo waziwazi haujui kufuta. Unajua kuficha tu.

Nawaambia haya ninyi wanafunzi kwa sababu hamtabaki katika madawati haya. Baada ya miaka michache baadhi yenu mtakuwa mnatunza mafaili ya watu: majina yao, madeni yao, magonjwa yao. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2023. Sheria zote mbili zinagusa suala la kufuta taarifa za mtu. Siku moja mwananchi atasimama mbele ya meza yako na kukuambia, "Ndugu, taarifa hii juu yangu si ya kweli, naomba ifutwe." Utabonyeza, na jina litatoweka kwenye kioo chako. Kabla hujamwambia aende zake kwa amani, jiulize: nakala ziko wapi? Nani ameambiwa? Nani hakusikia kwa sababu alikuwa amezimwa? Na atakapoamka, nani atakayemwambia?

Anayeweza kujibu maswali hayo manne ana haki ya kusema neno "imefutwa". Asiyeweza, aseme kwa unyenyekevu kwamba ameanza kufuta, kisha aendelee na kazi.

Nawatakia wanafunzi mitihani mema, na wanachama safari njema za kurudi makwao.